Barua Moja Kati ya Mia Tatu

Mara ya kumi na moja fundi alituma barua pepe ya majaribio, na mara ya kumi na moja ikafika kama ilivyotakiwa. Jina sahihi, namba sahihi, majibu sahihi. Akatukana kimoyomoyo.

Pale hospitalini walimwita Mabano. Mwaka wake wa kwanza alisahau kufunga mabano mahali fulani kwenye programu, wagonjwa wote wakaandikiwa kwa jina la mpishi, na tangu hapo utani haukuisha. Ndiye aliyetengeneza mfumo wa kutuma majibu ya vipimo. Kila asubuhi mfumo huchukua barua ileile, hujaza jina la mgonjwa na majibu yake katika nafasi zilizoachwa wazi, kisha humtumia mwenyewe. Leo zilitoka mia tatu.

"Wamelalamika wangapi?" aliuliza dada wa maabara, aliyekuja kuazima kalamu.

"Mmoja."

"Anasemaje?"

"Kwamba majibu ya damu aliyotumiwa si ya mwanawe. Mtoto wa miaka sita, anaruka kamba kutwa nzima. Anasema hawezi kuwa na ugonjwa ule."

"Mmoja kati ya mia tatu, nawe hujatia kitu tumboni tangu asubuhi. Kaka, mzazi gani asingesema hivyo?"

Mabano akaigeukia kompyuta. Alikuwa na shaka yake na ameing'ang'ania. Nafasi ya majibu ikikosa kufutwa baada ya barua moja, mgonjwa anayefuata hubandikwa majibu ya aliyemtangulia. Kosa la namna hiyo huwapata hata mafundi waliobobea. Akaanza kuipitia orodha, jina kwa jina.

"Na kama si ya mtoto huyo," dada akasema taratibu, "basi ni ya mtoto wa mtu mwingine."

Hilo Mabano alikuwa akilikwepa tangu asubuhi. Aliona haya hata masikio yakamwaka moto, akainamia kioo cha kompyuta asitazamwe usoni.

Saa tisa alasiri akamfikia mtoto. Aliyemtangulia alikuwa mzee wa miaka sabini, damu yake safi kabisa. Aliyemfuata, safi vilevile. Hapakuwa na wa kumwambukiza mwenzake majibu.

Akabaki na mlango mmoja. Akaandika namba ya mtoto kwenye kikaratasi, akaenda nacho maabara. Kule hawaandiki majina, wanaandika namba tu. Dada akafungua daftari, akatoa kichupa kwenye jokofu, akavisoma vyote kwa sauti, halafu akarudia kwa sababu Mabano alimwomba arudie. Namba ilikuwa moja. Damu yenyewe, alisema, ilipimwa mara mbili, na mikono ya watu wawili tofauti.

"Umeona sasa?" dada akamwambia. "Mfumo wako mzima kama kigongo. Mjibu huyo mzazi, kisha ukale."

Mabano akamshukuru. Akatoka hadi kwenye ngazi za nyuma, akakaa, akaishika simu kwa muda mrefu kabla ya kupiga. Ikapokewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama watoto," akasema, "nimetafuta kila mahali. Hakuna kosa."