Mashine Nyuma ya Lakiri

Muuguzi Zamda alimkuta Kibwana, mtunza stoo wa hospitali, amesimama mbele ya mlango uliotiwa lakiri ya serikali. Ndani zilikuwamo mashine sita za kupumulia, zilizonunuliwa kwa mkopo mwaka ule wa ugonjwa.

"Fungua, baba. Bi Tausi pumzi zinamwisha wodini."

"Wakaguzi wamefunga mpaka ajulikane nani alikula sehemu ya mkopo. Mashine ni za taifa, binti yangu, lakini shingo ni yangu."

"Mkopo wenyewe tunakatwa kodi ya kuulipa kwenye kila kilo ya unga! Hata Bi Tausi kaulipa!"

"Najua," alisema Kibwana, akampisha asogee mlangoni, lakini lakiri hakuigusa.

Zamda aliinama, akachungulia kwenye tundu la kitasa. Mashine zilikuwa bado zimevishwa nailoni zake, safi kabisa.