Mtu wa Pembeni

"Mama watoto, wewe simama huku mwisho," mpiga picha alimwambia mkewe. "Mwanga wa dirishani unakupenda."

Mkewe akaenda kusimama mwisho.

Mwanga haukuhusika hata kidogo. Yalikuwa maneno ya kazi tu. Miaka kumi na tisa ndani ya studio ile ilimfundisha mpiga picha kwamba watu huachana, picha ikabaki. Kwa hiyo mchumba mpya, shemeji mlevi, mume mwenye mguu mmoja nje, wote aliwapanga pembeni na kuwasifia mwanga. Tena alihakikisha hawashikani na mtu. Mkono begani ni balaa: ukija kumkata mwenyewe, vidole vyake hubaki juu ya mwenzake kama kupe.

Na kweli watu walirudi. Mwaka mmoja, miwili, mtu anaingia na picha mkononi: "Huyu mnitolee." Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma penye mashine ya kukatia, alishusha kisu, kacha, mtu kaondoka kwenye ukoo. Vipande vya waliotolewa walivitia kwenye kopo la biskuti. Siku za mvua, wateja wakiadimika, mtu na mkewe walilimwaga kopo mezani wakacheka mpaka machozi.

Nje, karibu na mlango, palikuwa na ubao wa Neno la Leo. Wachumba walikuja kwa ajili ya ubao ule, wengine wakayanakili maneno na kutumiana kwenye simu. Sifa zote alipewa mpiga picha. Maneno yalikuwa ya mkewe, aliyeyasema tu huku akifunga vifungo vya sare za watoto au akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Asubuhi ile ya Ijumaa alikuwa amesema, "Andika: nyumbani ni pale unapobakishiwa nafasi."

Mumewe akaandika, kwa mwandiko wa kuvutia, wala hakuona haya.

Maana kesho yake, Jumamosi, angemwambia afungashe aende zake. Mwanamke mwenye saluni mtaa wa pili alikuwa amechoka kungoja. Mabinti atawalea, mama mkwe atamtunza, hilo halikuwa tatizo. Sharti lake lilikuwa moja: sura ya mke wa kwanza isimtolee macho dirishani mwa duka. Na picha ya familia iliyokuwa dirishani siku zote haikukatika, kwa kuwa mke alikaa katikati na watoto wamemning'inia shingoni. Ndiyo maana ikatakiwa picha mpya. Hata fremu alishaiagiza kwa seremala, ya watu wanne.

Mkewe alikuwa ameipima kwa rula ilipoletwa.

"Mbona nyembamba? Sisi si watano?"

"Wanaopendana hawakosi kutosha."

Mkewe alicheka kidogo. "Hilo nalo litafaa ubaoni," alisema, akairudisha rula kwenye droo.

Sasa aliwapanga. Mama yake mzazi alimkalisha kwenye kiti. Mama ni mama, alijisemea, wake watakuja na watakwenda lakini yeye yupo. Kando ya bibi alimsimamisha binti mkubwa, kisha binti mdogo, kisha mke.

"Na wewe mwenyewe je?" bibi aliuliza.

"Mimi nitabonyeza kamera, nina sekunde kumi za kuja kusimama hapo ubavuni kwako."

Binti mdogo alikuwa ameushika mkono wa mama yake.

"Achia mkono, mwanangu. Simama wima kama askari."

Mtoto akauachia. Mkewe hakulalamika, ila aliisugua sugua sketi yake kama mtu asiyejua mikono aiweke wapi. Mpiga picha alimwonea huruma, tusimsingizie. Alimwonea huruma ile ya kuku aliyekwisha kukamatwa, anayeendelea kudonoa mtama.

Akabonyeza, akakimbia, akasimama ubavuni kwa mama yake, mwisho wa upande wa pili. Bibi akanyanyua mkono na kuuweka mgongoni mwa mwanawe, kama alivyozoea tangu utoto wake.

"Mama," mkewe alisema kwa upole kutoka kule mwisho, "shati la mwanao litakunjika."

Bibi akageuka kumtazama mkaza mwanawe. Kisha akauondoa mkono, akaulaza mapajani.

Kamera ikalia.

"Niachie mimi niisafishe," mkewe alisema. "Kesho utaikuta dirishani."

Jioni hiyo mpiga picha aliaga kwamba ana harusi ya mbali, akaenda zake kwa mwenye saluni. Asubuhi alirudi akitembea taratibu, huku akirudia moyoni maneno ya kumwacha mtu bila kelele. Aliyapanga vizuri: kwanza shukrani, halafu bahati mbaya, mwisho watoto wabaki kwa baba.

Ubao wa Neno la Leo ulikuwa mtupu.

Picha mpya ilikuwa imetundikwa dirishani. Ilijaa kwenye fremu sawasawa, hapakubaki hata upenyo wa unywele. Akahesabu watu. Wanne, kama alivyoagiza: mama yake, mabinti wawili, na pale mwisho mkewe. Mwanga wa dirishani ulikuwa umempenda kweli.

Ndani hapakuwa na mtu. Juu ya meza, kopo la biskuti lilikuwa wazi. Kipande cha juu kabisa kilikuwa chake yeye, anatabasamu, na shati lake halikuwa na kunjo hata moja.