Mfuniko wa Sufuria

Hospitalini hawashoni jicho lililopasuka mpaka walisome kwanza. Wanaliwekea kifaa, na kwenye kioo inatokea picha ya mwisho ambayo jicho liliiona. Akionekana mtu aliyelijeruhi, anachukuliwa siku hiyohiyo, na harudi.

Jicho la dada Nyamizi lilipasuliwa na mfuniko wa sufuria. Mama alinirushia mimi kwa hasira, dada akaingia kati.

"Nilikuwa napasua kuni," dada alimwambia daktari. "Kibanzi kikaruka."

"Basi tulisome, tulishone. Tukiwahi leo utaona tena."

Dada akanishika mkono. Baba alishafariki, na wadogo zetu wawili wanamtegemea mama.

"Sitaki lisomwe. Litoeni."

"Binti, hili linapona."

"Litoeni tu, daktari."

Wakalitoa.

Nyumbani mama alimpikia wali wa nazi, akashindwa kumtazama usoni.

"Usilie, mama," dada alisema. "Sasa nikitaka kulala nafumba moja tu. Kazi imepungua nusu."

Jana tulirudi kubadilisha bandeji. Dada alipokuwa ndani, nikamuuliza nesi kwa sauti ndogo kama macho yaliyotolewa yanatupwa.

"Hayatupwi," alisema. "Nayo yanasomwa, ila foleni yake ni ndefu."

Sijamwambia dada, wala mama. Mtu akibisha hodi, ninakimbia kufungua mimi, na mama ananisifu kwamba siku hizi nimekuwa na adabu.