Labeka ya Bwana Mzinga

Bata Mzinga alipomwoa Mwanatumu, alimpa somo moja tu: "Mke mwema hasemi mpaka aulizwe. Nikikuita, itika labeka, basi."

"Labeka, bwana," akaitika Mwanatumu, ambaye kwa macho makali hakuwa na mwenzake uani.

Asubuhi moja Mzinga alikuwa amejitutumua akijisifu, Mwanatumu akamwona kicheche ananyemelea nyuma yake. Akafunua mdomo.

"Nimekuuliza?" akafoka Mzinga.

Mwanatumu akayameza maneno yake. Kicheche akaudaka mkia, akaondoka na manyoya yote. Mzinga akakimbilia juu ya banda, makalio wazi, analia: "Mbona hukusema?"

"Ndiyo kwanza unaniuliza, bwana."

Tangu hapo, Mwanatumu akikohoa tu, uani husikika sauti nene ya dume ikiitika mbio: "Labeka, bibi!"