Nusu ya Chumvi

Maji ya chupa ya pili yalikuwa meupe mno, ungedhani yameshuka na mvua asubuhi hiyo. Mpimaji aliyaangalia, akaangalia karatasi, akaweka kalamu chini.

"Sisaini."

Meneja, aliyehamia hapo mwezi uliopita, alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia kichekesho msibani. Mezani palikuwa na chupa tatu za maji machafu yaleyale ya kiwanda cha kutia nguo rangi. Ya kwanza ilisafishwa kwa gesi ya ozoni. Ya tatu kwa chuma na dawa ya peroksaidi. Rangi ilikwisha, lakini chini kulibaki matope ya kutu. Ya pili ilipitia mtambo wa taa kali uliobuniwa na mhandisi mmoja wa hapo mjini. Kiwanda kingeununua leo hii, mradi mpimaji aweke sahihi.

"Dada, macho si unayo?" meneja alisema. "Hii ya tatu ina matope kama soli ya kiatu. Hii ya pili mtu unanawia uso."

"Nawa basi, bosi."

Meneja hakunawa.

"Njia zote tatu zinaua rangi," mpimaji alisema. "Ile chumvi mnayotia ili rangi ishike, haziigusi. Ikiingia, itatoka. Chupa ya kwanza na ya tatu zina chumvi sawa. Ya pili ina nusu tu. Nusu nyingine imekwenda wapi, kuoga?"

"Labda zile taa..."

"Taa hazili chumvi. Maji yenye rangi nzito hayapitishi mwanga, mtu akaona ayazimue kwa maji ya bomba."

Meneja alifunga mlango. "Mhandisi aliijaza chupa hii mwenyewe, nilimwona. Sasa wewe una kisirani gani naye? Ameuza gari lake kutengeneza mtambo ule."

"Na wanaomwagilia mboga kwa maji ya mtaro wenu, wao wameuza nini?"

"Nitampata mwingine wa kusaini."

"Mtafute. Mwambie aje na kipimo cha chumvi."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwa herufi zinazosomeka toka mlangoni: MTAMBO WA TAA UMESHINDWA. Akapiga mstari chini yake. Akaona hautoshi, akapiga wa pili.

Meneja aliketi. Sauti ikashuka. "Ana watoto wawili, dada. Na mkewe je? Umemfikiria yule mama? Leo atamtazamaje mumewe?"

"Huyo mama hana neno. Atamwambia aanze upya, na bomba alifunge."

"Kwani unamjua?"

Mpimaji alifunika kalamu, akatundika mkoba begani.

"Namwona kila asubuhi, nikichana nywele kwenye kioo."