Dume la Miaka Miwili

Verdell alishusha bunduki kwa mara ya tatu.

"Shemeji, hao nyati wakikusubiri wewe watakufa kwa uzee," alisema Iona, mdogo wa mkewe, kutoka kwenye usukani wa gari. Yeye ndiye mkuu wa walinzi wa kundi la nyati la kabila lao, wenyeji asilia wa Marekani.

"Huyu ana ndama."

"Sikukuonyesha huyo. Nimekuonyesha yule dume kijana, wa miaka miwili. Madume wamezidi. Kila msimu wa kupandana wanatobolana mbavu. Tunapunguza madume, majike wanabaki wazae."

Upepo wa Montana ukavuma, kofia ya Verdell ikamtelezea mpaka machoni. Zamani ilikuwa ikimbana. Siku nyingine Iona angemtania kwa hilo mpaka jioni. Leo aliangalia pembeni.

"Garrett anafika saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane. Mama yake amemfuata uwanja wa ndege."

"Watu watakuwa ukumbini mpaka kesho, na lazima wale. Nyama ya kijana ni laini."

Verdell akatazama tena. Dume yule alikuwa akijikuna nundu kwenye ubavu wa jike mwenye pembe iliyovunjika.

"Yule ni mama yake?"

"Ndiyo. Jitu zima, bado linamganda."

"Basi siwezi."

"Shemeji, tulikubaliana."

"Nitafutie mwingine, Iona."

Hakubishana tena. Akamwonyesha jike mkongwe aliyesimama peke yake kwenye majani makavu. Miaka mitatu hajashika mimba, na ndama wake wa mwisho alizama mtoni barafu ilipopasuka.

Verdell alifyatua risasi moja. Jike akapiga magoti, akalala. Wenzake wakarudi, wakamzunguka, wakamnusa mmoja mmoja. Iona akazima injini ya gari. Hawakusogea mpaka nyati walipoondoka wenyewe.

"Ulimi ni wa Garrett," alisema Verdell akinoa kisu.

"Najua. Nitamtengea sahani yake, kama mila inavyotaka."

Saa nane gari kutoka uwanja wa ndege likaingia uwanja wa ukumbi. Verdell akavua kofia. Nywele zilikuwa zimekatwa ovyo, kwa kisu, kama afanyavyo mfiwa wa kabila lao. Akatoa ndani ya koti misuko yake miwili mirefu, akaishika mkononi. Kisha wanaume sita wakashusha jeneza, wakalifungua, naye akailaza kifuani kwa mwanawe.