Chanzo Namba Nne

"Mama yangu, Jumamosi, akifua."

Ndivyo kilivyoandikwa chanzo namba nne katika insha ya binti wa mwaka wa pili, na mkutubi wa chuo alikisoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Kila Jumanne aliwafundisha wanachuo kutafuta habari na kupambanua ipi ya kuaminika.

"Haya, mama yako ana shahada ya nini? Ya sabuni?"

"Na ya kuanika!" akadakia mmoja wa nyuma. Darasa likaangua kicheko. Mkutubi naye akacheka, mkono mdomoni.

Binti hakucheka. Alikuwa ameandika kwamba shuka yenye damu hulowekwa kwanza kwenye maji baridi, maana maji ya moto huifanya damu ing'ang'anie. Neno la kweli kabisa. Lakini mkutubi alitaka kitabu.

"Nani kaandika, mwaka gani, ukurasa wa ngapi. Niletee Ijumaa, la sivyo ni sifuri."

Binti alipotoka darasani kicheko kile kilimrudia kooni kama kiungulia. Akakimeza.

Ijumaa chanzo kikaja: jina la mwandishi, mwaka, *Usafi wa Shuka za Hospitali*, ukurasa wa arobaini na sita. Nukta na mkato mahali pake. Mkutubi alifurahi hata akasahau lile analowahimiza watoto wa watu kila wiki, kwenda rafuni ukaone kwa macho yako. Akakipiga chapa na kukibandika ukutani: vyanzo vyenu viwe hivi. Wanachuo wakanakili. Mhadhiri mmoja naye akakitia kwenye vitini vyake, hata hakuuliza. Ndivyo mambo yaendavyo, jamani. Kosa likivaa suti hupigiwa saluti.

Muhula ulipokaribia kwisha, mkaguzi kutoka nje akaomba kukiona hicho kitabu. Mkutubi akapekua rafu siku mbili. Akapigia simu maktaba nne. Hakuna aliyekijua. Mkuu wa chuo hakuzungusha maneno: kisipopatikana, binti anafukuzwa, na mkutubi ajiandae kueleza kile kikaratasi cha ukutani.

Akamwita binti faragha.

"Mwanangu, nitazame. Kitabu kiko wapi?"

Binti alitazama sakafu. "Kitabu hakuna, mwalimu. Lakini mwandishi yupo. Nitamwomba aje Jumatatu, mkaguzi amuulize lolote."

Mwandishi mwenyewe! Mkutubi alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Jumatatu alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu. Akafuta kaunta, akaweka kiti chenye mto karibu na dirisha, akafungua daftari la wageni ukurasa mpya na kulaza kalamu juu yake. Binti alikuwa ameketishwa nje ya ofisi ya mkuu, juu ghorofani, akingoja kujua kama ana chuo au hana.

Saa nne kasorobo mkutubi aliingia chumba cha nyuma kutafuta glasi ya maji ya mgeni. Aliporudi, akakuta mama mmoja amekaa kwenye kile kiti, mfuko wa plastiki mapajani, viatu vimekanyagwa visigino.

"Aa, mama, hapo hapana. Hicho kiti kina mwenyewe."

Mama akainuka haraka. "Samahani, mwanangu. Mimi nime…"

"Wanaotafuta kazi ya usafi huandikisha majina Alhamisi. Mlango wa nyuma, tafadhali, leo nina mgeni mkubwa."

Mama akautazama mto alioukalia. Akaupangusa kwa kiganja mara mbili, akatoka kwa mlango alioonyeshwa.

Viatu vya mkuu wa chuo na mkaguzi vilikuwa vinashuka ngazi.

"Mwandishi amefika?" mkuu aliuliza kabla hajaingia.

"Bado, mkuu. Yuko njiani."

Mkutubi akalivuta daftari la wageni aliweke sawa. Mstari wa kwanza ulikuwa umeshajazwa, kwa herufi kubwakubwa zilizokandamizwa. Kwenye nafasi ya jina palikuwa na jina lile lile la mwandishi.

*Kazi: kufua shuka, hospitali, miaka ishirini na mitatu. Sababu ya kuja: nimeitwa niulizwe.*